Puring na Kadi za Walimu

Puring Doromal hakumwamini mtu aliyecheka kabla ya kusema shida yake. Mwenye shida ya kweli, alisema, huja amenuna, huangalia vidole vya miguu yake, huuliza kwanza bei ya chumvi ndipo aseme kilichomleta. Anayekuja anacheka ana lake jambo. Kwa kipimo hicho alikuwa amewapokea na kuwafukuza wakopaji kwa zaidi ya miaka ishirini, na kusema haki hakukosea mara nyingi. Hilo ndilo lililomharibu. Mtu mwenye shaka akipatia mara tatu mfululizo hudhani Mungu ndiye anayemnong'oneza.

Mji wetu ni mdogo. Upande mmoja mabwawa ya samaki, upande mwingine barabara iendayo jiji la Iloilo, na katikati kanisa, soko, shule ya msingi na benki moja yenye mashine moja ya kutolea pesa. Siku ya mshahara foleni ya mashine hiyo hufika mpaka duka la mikate, na wa kwanza kwenye foleni kwa miaka yote hiyo alikuwa Manang Puring. Manang, maana kwetu dada mkubwa hatajwi kwa jina tupu. Alikuja alfajiri na kiti cha kukunja, mwavuli, na kadi za benki za walimu thelathini na mmoja zilizofungwa kwa mpira. Aliziingiza moja moja, akabonyeza namba za siri alizozishika kichwani, akatoa mshahara wote wa mwalimu, akakata chake, kilichobaki akakitia katika bahasha.

"Manang, mashine itashika moto!" mtu alikuwa akipiga kelele huko nyuma.

"Ikishika moto ipepee. Wewe una haraka ya kwenda wapi, na mshahara wako uko mkononi mwangu?"

Watu walicheka, na aliyepiga kelele alicheka zaidi ya wote, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Hakuna aliyeona ajabu. Mwalimu hana shamba la kuweka rehani wala dhahabu ya bibi yake, vyote vilishaondoka zamani. Alicho nacho ni mshahara, na mshahara unakaa ndani ya kadi. Basi akitaka kukopa anaacha kadi na namba yake ya siri kwa mkopeshaji, kama anavyoacha ndala mlangoni akiingia ndani. Riba ya Puring ilikuwa peso kumi kwa kila mia, kila mwezi. Deni lenyewe halikupungua mpaka uje nalo zima siku moja, na ni nani mwenye kuja nalo zima? Karatasi hazikuwapo. Lilikuwapo neno la Puring na bati la biskuti lililojaa kadi, na bati lilikaa chini ya kitanda chake.

Kisha ikaja habari ya Soledad. Huyu alikuwa mkopeshaji wa mji wa jirani, mwanamke mnene mwenye bahati, na alikamatwa mbele ya mashine kadi zikiwa mkononi. Askari wawili wasio na sare walikuwa wamesimama nyuma yake kwenye foleni wakilamba aiskrimu kama watu wasio na kazi. Muuza samaki ndiye aliyemhadithia Puring sokoni.

"Na unajua nani kamchoma, Manang? Mwalimu wake mwenyewe! Mtu wa kula naye sahani moja. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Nakutazamaje? Si unanunua samaki?"

Puring akaondoka bila samaki. Hakupenda mtu anayejua mengi huku anapara magamba.

Wiki hiyo hiyo, mchana, Leonora Dusaran akapanda ngazi za kibaraza chake akiwa na sahani. Leonora alifundisha hesabu darasa la sita, na ndiye aliyembeba binti wa Puring siku ya ubatizo. Tangu siku hiyo waliitana Mare, na kwetu Mare ni zaidi ya dada, kwa sababu dada unapewa, Mare unamchagua mwenyewe. Binti alishakua, yuko Dubai anauguza wagonjwa, lakini wale wawili walibaki na Umare wao. Na kadi ya Leonora ilikuwa ndani ya bati pamoja na nyingine.

"Mare, hodi! Nimekuletea wali wa majani, bado una moto." Alikuwa anacheka.

Puring akaitazama sahani. "Kuna nini leo? Krismasi bado."

"Hakuna kitu bwana. Lazima pawe na kitu? Nilikuwa nataka tu… Mare, hivi unaweza kuniandikia deni langu? Kwenye karatasi. Nilichukua ngapi, nimelipa ngapi, bado ngapi."

"Karatasi ya nini?"

"Ya kuwa nayo tu."

"Tangu lini mimi na wewe tukaandikiana?"

"Ndiyo maana nasema, ya kuwa nayo tu." Akacheka tena, na kicheko hicho ndicho kilichomaliza kila kitu. Puring akasema atatazama, akamsindikiza mpaka langoni, akarudi, akampa mbwa ule wali. Kisha akakaa akimwangalia mbwa kwa muda mrefu kabla hajaridhika.

Kuanzia hapo kila kitu kilikuwa ushahidi. Alimwona Leonora benki, amekaa mbele ya afisa, mafaili yamefunguliwa, wanazungumza vichwa vikiwa karibu. Alipoingia wakanyamaza. Jumapili kanisani Leonora alikaa benchi la nyuma badala ya lake la kila siku. Mtu mwingine angesema mwanamke amechelewa misa. Puring alisema moyoni: anakwepa macho yangu. Alijiona amesimama mbele ya mashine, kadi mkononi, na nyuma yake watu wawili wanalamba aiskrimu. Aliogopa. Hakuwa amewahi kuogopa jela kwa sababu hakuwahi kudhani jela ni ya watu wanaosaidia wenzao, na yeye kwa hesabu yake alikuwa msaidizi.

Akapanda gari la abiria mpaka Iloilo kwa wakili mmoja, Divina Sorongon, mwenye ofisi juu ya duka la miwani. Kwanza alizikagua zile shahada ukutani kama zina mihuri. Kisha akakaa ukingoni mwa kiti.

"Ninaye rafiki," alianza, "anakopesha watu."

"Sawa," alisema Wakili Sorongon, mwanamke mwembamba asiyependa kupoteza muda. "Rafiki yako anatoza riba ngapi?"

"Kumi."

"Kwa mwaka?"

Puring akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Kwa mwezi, Wakili."

Wakili akaweka kalamu chini. "Ana kampuni iliyosajiliwa?"

"Ana duka la sukari na sabuni."

"Na mkopo anaulinda kwa nini?"

Puring akakohoa. "Watu humwachia kadi zao. Za benki. Kwa mapenzi yao."

"Na namba za siri?"

"Sasa kadi bila namba ni ya nini, Wakili? Ya kukatia vitunguu?"

Wakili hakucheka. Alimsogezea Puring glasi ya maji, akangoja anywe. "Manang, mwambie rafiki yako azirudishe hizo kadi. Si mwisho wa mwezi. Kesho. Kadi ya mtu pamoja na namba yake si rehani, ni kesi. Ndicho kilichomponza yule Soledad wa mji wa jirani, na ndicho kitakachomponza yeye."

"Halafu akikimbiwa?"

"Halafu ajisajili, akopeshe kama watu. Kabla mtu hajashika hata senti aandikiwe anachukua ngapi, atarudisha ngapi kwa jumla, riba ni kiasi gani kwa mwaka, kuna makato gani. Asome mwenyewe, aelewe, aondoke na nakala yake. Na riba ishuke. Jaji akiona riba ya kutisha anaifuta, mkopeshaji anabaki na mtaji wake na aibu."

"Ehe."

"Na amuulize mkopaji mshahara unaobaki unatosha kula? Ukimkopesha mtu huku unajua hataweza, mbele ya sheria mwenye kosa ni wewe. Na asimtangaze mdaiwa sokoni wala kwenye simu za watu."

"Sasa mimi… rafiki yangu atakula nini?"

"Atakula. Ila polepole."

Puring akatafuta mtego katika maneno hayo, asiupate, jambo lililomtia wasiwasi zaidi. "Na hawa wa zamani? Wanaodaiwa tayari?"

"Apige hesabu upya. Aliyelipa kupita kiasi wakae wapatane, kilichozidi kirudi, waandikiane kwa hiari ya wote wawili. Anayejirekebisha kabla hajashtakiwa anasikilizwa. Kinga ya mkopeshaji, Manang, ni mkopaji anayeelewa."

Maneno ya kuandika kwenye kalenda, alifikiri Puring. Alipoambiwa ada ni elfu mbili akaomba risiti, akaisoma mbele na nyuma.

Lakini kwenye gari, njia nzima, aliyachambua yale aliyoambiwa kama mtu anayechambua mchele, akatupa nusu. Kurudisha kadi alikubali. Ila mwalimu akishapata kadi yake mkononi, nini kitamzuia asiende moja kwa moja kituoni? Lazima pawe na ngao. Na mji wetu, jamani, unaamini saini kuliko maji ya baraka. Mtu hawezi kuazima ngazi ya kuparamia paa bila kusaini mahali. Puring akaingia duka la kuchapisha, akasimama juu ya kichwa cha mchapaji, akamwamuru aandike: Mimi, fulani, nakiri kwamba nilimpa Purificacion Doromal kadi yangu ya benki na namba yangu ya siri kwa hiari yangu, bila kulazimishwa na mtu, na kwamba amekuwa akinitolea mshahara wangu kila mwezi kwa uaminifu mpaka leo. Chini yake nafasi ya saini ya mwalimu, na chini zaidi, ili pasiwe na shaka yoyote, nafasi ya saini ya Puring mwenyewe. Akachapisha nakala mbili mbili, maana Wakili alisema kila mtu aondoke na nakala yake.

Jumamosi akapika sufuria kubwa la pansit, tambi za sherehe, walimu wakaja. Walikula, wakasaini bila kusoma, wakapewa kadi. Ilikuwa karibu na furaha. Shida ilikuwa moja tu.

"Manang," alinong'ona mwalimu wa muziki, "hivi namba yangu ni ngapi?"

"Namba yako wewe?"

"Si tangu zamani unaibonyeza wewe? Mimi nimeisahau."

Basi Puring akakaa mlangoni, akawa anamnong'oneza sikioni kila mwalimu aliyetoka namba ya siri ya mwalimu huyo huyo. Hakukosea hata mmoja. Alijisikia mwema sana.

Leonora alifika mwisho, pansit imepoa. Alichukua karatasi, na tofauti na wenzake wote akaisoma. Akaisoma tena. Akatoa kalamu mkobani, akairudisha.

"Siwezi kusaini hii, Mare."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili yako. Ipeleke kwanza kwa wakili wako."

"Nani kakwambia nina wakili?"

"Mji mzima. Ulipanda gari la Iloilo na viatu vya misa siku ya Jumanne." Leonora hakuwa anacheka sasa. "Na karatasi yangu niliyokuomba?"

"Saini hii, nitakuandikia ile."

"Na kadi?"

"Saini kwanza."

Walitazamana. Huko nyuma mwalimu wa muziki alikuwa anajipakulia mara ya tatu. Leonora akaiweka karatasi mezani taratibu, akashuka ngazi, akaenda zake bila kadi. Puring akabaki na hakika kamili. Anakataa kusaini kwa sababu anataka kesi yake ibaki nzima. Nyoka.

Jumatatu akampigia Wakili simu, akamsomea ile karatasi kwa sauti ya majivuno, kama mtoto anayesoma shairi mbele ya wazazi.

"Manang," alisema Wakili. "Rafiki yako amezisaini?"

Puring akasahau rafiki. "Zote thelathini. Mbili mbili."

"Na nakala umewapa?"

"Si ulisema kila mtu aondoke na yake?"

"Niliposema hivyo nilikuwa nazungumzia mkopo! Wewe umeungama kosa lako mara thelathini, umelitia saini, umewagawia mashahidi, na pansit juu! Soledad walimvizia wiki nzima kupata hicho ulichokigawa bure. Hukujiuliza? Hakuna hata mmoja aliyekuonya?"

Alikuwapo mmoja.

Alizunguka mji mchana kutwa akizikusanya zile nakala, akidai kwamba amekosea tarehe. Walizirudisha bila neno. Moja ilikuwa chini ya mguu wa meza unaocheza, nyingine ilishafungiwa dagaa. Kufikia jioni zote zilikuwa majivu jikoni kwake, na hatari iliyokuwa karatasini ikaisha. Iliyobaki ilikuwa kichwani. Leonora alikuwa na kosa la Puring mkononi, limeandikwa vizuri kwa mashine, alichotakiwa ni kusaini tu na kuondoka nalo. Hakuondoka nalo. Puring aliligeuza jambo hilo upande huu na ule, akatafuta ujanja ulipojificha, maana lazima ulikuwapo, na hakuuona. Hakuna kinachomsumbua mtu wa shaka kama wema usio na mlango wa nyuma.

"Sasa fanya nilichokwambia mwanzo," Wakili alikuwa amesema baada ya kusikia habari ya Leonora. "Muandikie huyo mwalimu karatasi aliyoomba."

Akakaa mezani. Leonora alikopa elfu thelathini mumewe, Rodrigo, alipolazwa kwa ugonjwa wa figo. Rodrigo alikufa, deni likaishi. Elfu tatu kila mwezi, miaka minane. Puring aliijua kila elfu tatu siku ilipoingia, lakini hakuwahi kuzikalisha pamoja. Alibonyeza kikokotoo, asikiamini, akatafuta cha binti yake cha shuleni, kikasema vile vile. Laki mbili na elfu themanini na nane. Na elfu thelathini bado zipo pale pale, hazijaguswa, kama wageni waliokataa kuondoka.

Aliona haya. Hakuogopa tena, aliona haya tu, masikio yakawaka moto akiwa peke yake chumbani. Kisha akaandika kwa mkono wake: umechukua, umelipa, limebaki. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kukopesha.

Alimkuta Leonora akisahihisha madaftari kibarazani kwake. Alisogeza rundo moja, Puring akapata pa kukaa, akampa karatasi bila salamu. Leonora akaisoma, kalamu nyekundu ikiwa bado mkononi.

"Umekosea," alisema. "Desemba ile ya kimbunga ulinisamehe mwezi mmoja. Ni laki mbili themanini na tano."

Puring akamkodolea macho. "Kumbe ulikuwa unajua?"

"Mare. Nafundisha hesabu."

"Muda wote huu?"

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Basi si ungesema! Mdomo ulikwenda wapi?"

"Ningesemaje? Siku ile Rodrigo amelazwa nilibisha milango sita. Wa kwako ndio uliofunguka. Hukuniuliza hata swali, ulihesabu pesa ukiwa umesimama. Mtu wa namna hiyo unamwendeaje ukamwambia, haya, tupige hesabu? Kila nikitaka kusema naona haya. Nikawa najiambia mwezi ujao." Leonora akatabasamu kidogo. "Kukopa harusi, kulipa matanga. Mwenyewe huwa nawaambia watoto."

Hapo palitosha mtu kunyamaza. Lakini shaka ya miaka ishirini haifi kwa siku moja. "Na kwa nini sasa?" Puring akauliza, na sauti ilikuwa kali kuliko alivyotaka. "Kwa nini karatasi sasa? Kule benki ulikuwa unafanya nini na yule afisa? Nani kakutuma, Leonora?"

Leonora akafunga daftari lililokuwa mbele yake.

"Nastaafu Juni," alisema. "Kiinua mgongo changu kitaingia kwenye kadi ile ile. Nilimuuliza afisa kama kinaweza kuingia kwingine, akasema haiwezekani, makaratasi yameshakwenda. Miaka thelathini na kitu ya chaki, Mare. Siku moja tu kitaingia chote, kwenye kadi iliyo ndani ya bati lako, na namba unaijua."

Puring hakuelewa mara moja. Alipoelewa alisimama. "Ulidhani mimi ningekichukua?"

"Sikudhani."

"Ulidhani! Mimi! Wewe uliyembeba mwanangu kisimani pa ubatizo!"

"Nilikosa usingizi, Mare, basi. Sikuwa na nguvu ya kuja kukuambia nipe kadi yangu, sina imani nawe. Nikasema nikuombe karatasi. Ukinipa karatasi nitajua moyo wako uko wapi." Akalisogeza lile daftari kando. "Na wewe ulidhani nimekwenda polisi. Usikatae. Wali wangu uliliwa na mbwa, jirani zako wameniambia, na wakaniambia ulivyokaa kumwangalia."

Puring akakaa tena. Alitaka kuapa kwa jina la binti yake kwamba asingegusa hata peso moja ya kiinua mgongo kile. Hakuapa. Alijijua. Siku pesa ile ingeingia, angetoa elfu thelathini zake, kwa kuwa ni zake, na riba ya mwezi ule, kwa kuwa ni haki yake, na pengine kitu kidogo cha usumbufu, na angeiita hiyo yote uaminifu. Mare wake alikuwa amepiga hesabu sawasawa hapo pia.

Akachukua kalamu nyekundu mkononi mwa Leonora, akaandika chini ya karatasi kwamba deni limekwisha. Akatia saini. Akatoa kadi kifuani, mahali alipokuwa ameiweka njia nzima kwa kuogopa vibaka, akaiweka juu ya madaftari.

Yaliyobaki waliyapanga mbele ya Wakili Sorongon. Wakili alitaja kiasi cha kurudishwa, Leonora akakipunguza, Puring kwa hasira akakipandisha, mpaka Wakili akagonga meza. Wakaandikiana, kila mmoja akasoma, kila mmoja akaondoka na nakala. Atarudisha kidogo kidogo kila mwezi, kwa hiyo sasa mdaiwa ni Puring. Walimu wengine wakafuata, mmoja mmoja, na wengi wao walikuwa wamelipa deni lao zamani bila kujua. Bati lilibaki tupu. Usajili ukaja, fomu zikachapwa, riba ikashuka mpaka wakopeshaji wenzake wakasema amerogwa. Wakili alimwambia sasa anaweza kulala. Hakuna wa kumshtaki.

Siku ya mshahara ilipofika, Leonora alisimama mbele ya mashine kama mtu aliyesimama mbele ya mbwa asiyemjua. Hakuwa ameigusa kwa miaka minane. Puring alikuwa foleni kwa fedha yake mwenyewe, akatoka mahali pake akaenda kumsaidia.

"Hivyo siyo, Mare, umeigeuza. Picha juu. Haya. Sasa bonyeza hapa, halafu hapa."

"Hapa?"

"Hapo. Inakuuliza kama unataka kubadili namba. Sema ndiyo."

"Nimesema ndiyo."

"Sasa weka namba mpya," alisema Puring, ameinama begani pake, kidole tayari kimetangulia kwenye vitufe kwa mazoea ya miaka.

Mkono wa Leonora ukasimama hewani. Leonora akageuka nusu, akaingiza bega lake kati ya Puring na mashine, akaweka kiganja cha kushoto juu ya vitufe kuzifunika namba ambazo kidole chake cha kulia kilikuwa kinataka kubonyeza.

"Samahani, Mare," alisema kwa upole, bila kumtazama. "Sogea kidogo."

Puring akasogea. Akarudi nyuma hatua moja, akaona haitoshi, akarudi tena, mpaka nyuma ya ule mstari wa njano uliochorwa sakafuni kwa ajili ya watu usiowajua.